Habari za Bwana Shoemaker na Mashimo ya Vimondo

Ni wachache sana kati yetu ambao hawajapata kuona kimondo. Mtu huketi barazani usiku, mara huona mstari wa moto ukipita mbinguni, na kabla hajawahi kumwambia mwenziwe, "Tazama!" mstari ule umekwisha toweka. Wazee wa pwani husema kwamba vimondo ni vijinga vya moto ambavyo malaika huwatupia mashetani wapandao kusikiliza siri za mbinguni. Hatukusudii leo kubishana na wazee. Twataka kueleza habari za yale mawe yafikayo chini, na hasa habari za mtu mmoja wa Marekani, Eugene Shoemaker, aliyetumia maisha yake yote kuchunguza makovu yaliyoachwa na mawe hayo.

Vimondo vingi tuvionavyo ni vidogo mno, havizidi punje ya mchanga au ya mtama. Huingia katika hewa yetu kwa mwendo mkali, hupata moto, huungua, na vumbi lake halisikiki wala halionekani. Lakini vingine ni vikubwa, na hivyo hufika ardhini. Wenzetu wa Mbozi, upande wa kusini-magharibi wa Tanzania, wanacho kimoja katika nchi yao. Ni pande la chuma kilichochanganyika na nikeli kidogo, urefu wake futi 10 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wataalamu wamekiandika katika vitabu vyao tangu mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Tena chini yake hapana shimo kubwa. Neno hilo yafaa mlishike, maana tutalihitaji.

Sasa tuulize: kama jiwe la tani 16 laweza kuanguka, je, halikupata kuanguka jiwe kubwa kama kilima? Kwa miaka mingi wataalamu wengi wa miamba hawakupenda kusikia swali hilo. Walikuwa wamefundishwa, nao wakafundisha, ya kuwa dunia hubadilika polepole: mto hula ukingo wake kidogo kidogo, mvua hulainisha mlima, tope hujaza ziwa. Mafundisho hayo ni ya kweli, na kila mkulima aonaye shamba lake likiliwa na maji ayajua. Ila yaliwafanya wamcheke kila aliyesema kwamba pengine jambo kubwa hutokea kwa ghafula, katika dakika moja, tena kutoka juu.

Mabishano yalikutana mahali pamoja, penye shimo moja katika jimbo la Arizona. Nchi ile ni tambarare na kame. Katikati yake pana shimo la mviringo, upana wake karibu robo tatu ya maili, na kina chake zaidi ya futi 550. Ukingo wake umeinuka juu ya nchi iliyolizunguka, kama ukingo wa bakuli. Kando yake watu waliokota vipande vingi vya chuma cha vimondo. Mtu wa kawaida akiona shimo na akiona chuma kilichotoka mbinguni mahali pamoja, atasema mara moja kwamba kimoja kimeleta kingine. Lakini mwaka 1891 alifika huko Bwana Grove Karl Gilbert, mkuu wa wataalamu katika idara ya serikali ya Marekani ipimayo miamba, mtu wa akili nyingi na mwenye hadhari. Yeye alifikiri hivi: kama shimo limechimbwa na kimondo kikubwa cha chuma, basi kimondo chenyewe kingali kimelala chini yake. Na kama kimelala humo, mambo mawili hayana budi kuonekana. La kwanza, sindano ya dira itavutwa, kwa kuwa chuma huivuta. La pili, kifusi kilichorundikana ukingoni kitakuwa kingi kuliko nafasi ya shimo, maana sehemu ya nafasi hiyo imejazwa na chuma.

Akapima yote mawili. Sindano haikutikisika, na kifusi kililingana na shimo. Akakata shauri kwamba shimo lilifanywa na mvuke uliopasuka kutoka chini, kwa nguvu za volkano. Na kweli volkano za kale ziko katika nchi ile, hazi mbali. Vile vipande vya chuma alivihesabu kuwa vimeangukia pale kwa bahati tu.

Twapenda wanafunzi waitazame vema hoja hii, kwani vipimo vyake vilikuwa sawasawa. Lililopotea ni neno moja lililotangulia vipimo, lile la "kingali kimelala chini yake". Hapo hakupima, alidhani. Na ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, mwaka 1892, alikaa usiku mwingi akiutazama Mwezi kwa darubini, akatoa hoja kuwa mashimo yale tuyaonayo usoni mwa Mwezi yalifanywa na mawe yaliyouangukia. Akakubali kwa Mwezi jambo alilolikataa kwa Arizona.

Mwaka 1903 akaja mtu wa namna nyingine, Bwana Daniel Barringer, fundi wa migodi. Yeye hakuwa na shaka kwamba shimo ni kazi ya kimondo, akatumaini kukichimbua na kuuza chuma chake. Alichimba na kutoboa kwa kekee kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, akaingiza humo mali yake na mali ya rafiki zake. Mwaka 1929 mtaalamu wa nyota, Bwana Moulton, aliombwa kupiga hesabu ya ukubwa wa kimondo kile. Jibu lilikuwa baya: kimondo kilikuwa kidogo sana kuliko alivyotumaini Barringer, na sehemu kubwa yake huenda iligeuka mvuke siku ile ile kilipoanguka. Barringer alifariki mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Kwa habari ya shimo alisema kweli, na wakubwa wa elimu wakamdharau. Kwa habari ya chuma alikosea, na kosa hilo likala mali yake yote.

Basi chuma kilikwenda wapi? Risasi ya bunduki haiendi hata maili 1 kwa sekunde, nayo twajua madhara yake. Kimondo kikubwa huja kwa mwendo wa maili nyingi kwa sekunde. Kikiwa kidogo, au kikiwa cha kadiri kama kile cha Mbozi, hewa hukizuia na kukipunguzia mwendo. Lakini kikiwa na upana wa futi 100 na zaidi, hewa haina nguvu ya kukizuia. Hufika chini na karibu mwendo wake wote, na mwendo ule ukisimamishwa ghafula hugeuka joto na mshindo. Hapo kimondo hakizami kama jembe, bali hupasuka kama baruti. Chuma huyeyuka, kingine huwa mvuke, kikatawanyika kwa matone madogo maili nyingi pande zote. Ndiyo sababu dira ya Gilbert haikuona kitu.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili shuleni kwa sinia la majivu. Mwambie mtoto atupe kokoto kwa upande, si wima: atapata tundu refu, mfano wa yai au wa mtumbwi. Kisha waonyeshe watoto picha ya Mwezi. Mashimo yake karibu yote ni ya mviringo, ingawa mawe hayakosi kuja kwa upande. Kokoto husukuma tu majivu, lakini kimondo hupasuka, na mpasuko husukuma sawa pande zote. Tundu la mtumbwi halipatikani ila jiwe likija limelala sana.

Sasa tumfikie Bwana Shoemaker. Alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Los Angeles, na alipokuwa na miaka 20 tu akaingia katika idara ile ile aliyokuwa Gilbert. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta madini ya urani. Tangu ujana wake alikuwa na wazo aliloliweka moyoni, kwamba watu wataufikia Mwezi yeye akiwa hai, na kwamba akisoma sana miamba, huenda yeye akawa mmoja wao.

Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa ikijaribu mabomu ya atomiki katika jangwa la Nevada, na baadhi ya mabomu hayo yaliacha mashimo. Shoemaker alipelekwa kuyatazama. Akaona ukingoni jambo la ajabu. Matabaka ya ardhi yaliyokuwa yamelala moja juu ya moja yalikuwa yamepinduliwa kuelekea nje, kama upindo wa nguo: lililokuwa chini sasa limelala juu, na lililokuwa juu limefunikwa. Akarudi Arizona na nyundo yake na karatasi zake, akatembea ukingo wote wa shimo la Barringer, akichora tabaka kwa tabaka. Upindo ulikuwapo pale pale. Mawe ya chokaa, ambayo asili yake ni chini, yalikuwa yamelala juu ya mawe mekundu ambayo asili yake ni juu. Mvuke wa volkano haufanyi upindo kama huo. Hufanywa na mpasuko mmoja mkubwa, uliotokea karibu na uso wa nchi.

Hata hivyo mkaidi angeweza kusema, "Upindo ni upindo tu." Ilitakiwa alama isiyoweza kufanywa na kitu kingine. Mwaka 1953 mtaalamu mmoja, Loring Coes, alikuwa amebana mchanga mweupe katika mtambo wake kwa mkazo mkali, mara zaidi ya 20,000 kuliko mkazo wa hewa tuivutayo, akapata jiwe jipya lililo zito kuliko mchanga wa kwanza. Likaitwa koesaiti kwa jina lake. Hakuna aliyepata kuliona popote ardhini. Mwaka 1960 Bwana Edward Chao, mzaliwa wa China aliyefanya kazi katika idara ile, alitazama vipande vya mawe ya mchanga kutoka shimo la Arizona, akaikuta humo koesaiti. Yeye na Shoemaker na mwenzao Madsen wakatangaza habari hiyo mwaka huo huo. Volkano haina mkazo wa namna ile karibu na uso wa nchi. Ubishi wa miaka karibu 70 ukaisha kwa chembe zisizoonekana kwa macho matupu.

Yaliyofuata yanatupendeza zaidi. Mwaka ule ule wa 1960 Shoemaker alikwenda Ulaya kwa mkutano wa wataalamu wa miamba. Katika Ujerumani ya kusini liko bonde la mviringo liitwalo Ries, upana wake maili 15, na ndani yake mna mji wa kale wa Nördlingen. Wataalamu wengi wa huko walikuwa wamefundisha kwamba bonde lile ni kazi ya volkano. Shoemaker akaingia katika machimbo ya mawe, akachukua vipande vya jiwe la kijivu ambalo wenyeji hulijengea, akampelekea Chao kwa posta. Chao akaona koesaiti. Bonde zima, mji na mashamba yake, lilikuwa kovu la jiwe lililoanguka miaka milioni 15 hivi iliyopita. Tena kanisa kubwa la mji huo, lenye mnara uonekanao kutoka mbali, limejengwa kwa mawe yale yale. Watu walisali humo karne baada ya karne wala hawakujua kuta zao zilitoka katika moto gani.

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mwaka 1961 koesaiti ilipatikana katika Afrika yetu, kando ya Ziwa Bosumtwi katika nchi ya Waashanti wa Ghana, ziwa la mviringo ambalo wenyeji hulitukuza sana. Shimo lake lina miaka milioni 1 na kidogo. Na huko Vredefort, katika Afrika ya Kusini, wataalamu walitambua kovu kubwa lenye umri wa miaka zaidi ya milioni 2,000, lililokwisha liwa na mvua na upepo hata limebaki mzizi wake tu. Leo mashimo ya namna hii yaliyothibitishwa duniani pote ni karibu 200. Kabla ya Shoemaker yaliyokubaliwa yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa na wabishi wake.

Kwa habari ya Mwezi, tamaa yake haikutimia. Madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa tezi zilizo juu ya mafigo, nao ukamzuia asiingie katika hesabu ya wanaanga. Mtu mwingine angeliacha kazi. Yeye aliwafundisha wale waliokwenda. Akawapeleka katika shimo la Arizona wajizoeze kusoma miamba, akaanzisha huko Flagstaff idara ya kuchunguza miamba ya Mwezi na ya sayari. Mtaalamu mmoja aliyefanya kazi chini yake, Bwana Harrison Schmitt, ndiye aliyekanyaga Mwezi mwezi wa Desemba mwaka 1972.

Fikira zake zilienda mbali kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1980 Bwana Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na wenzao Asaro na Michel, walitangaza kwamba katika tabaka jembamba la udongo huko Gubbio, Italia, mna iridiamu nyingi kupita kiasi. Iridiamu ni adimu katika ardhi yetu lakini imo kwa wingi katika vimondo. Tabaka hilo liliwekwa miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule walipokoma dinosaria. Wakasema, jiwe la upana wa maili 6 hivi lilianguka, vumbi likaziba jua, mimea ikafa, wanyama wakafa. Kama wangalisema hayo mwaka 1940, wangalichekwa wakanyamaza. Sasa wakasikilizwa, maana watu walikuwa wamekwisha kujifunza kuzitambua alama. Mwaka 1991 shimo lenyewe likatambuliwa huko Chicxulub, Meksiko, limefukiwa chini ya matabaka mengine, upana wake maili 100 na zaidi. Wako wataalamu wanaoshikilia kwamba volkano kubwa za Bara Hindi nazo zilisaidia maangamizo hayo, na mabishano yao hayajaisha. Wanafunzi wa Lindi wasije wakadhani kwamba dinosaria wa Tendaguru waliuawa na jiwe lile. Wale walikuwa wamekwisha kufa miaka milioni nyingi kabla yake.

Huenda mtu atatuuliza, haya yatufaa nini sisi wenye majembe? Mwaka 2013, tarehe 15 Februari, kimondo kilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk katika Urusi. Watu waliona mwanga mkali kuliko jua, wakakimbilia madirishani kutazama. Baada ya dakika mbili au zaidi mshindo ukafika, vioo vikavunjika, watu zaidi ya 1,000 wakaumia. Basi ukiona mwanga kama huo, jitenge na dirisha, ulale chini, ungoje mshindo upite. Hayo hayana gharama.

Shoemaker mwenyewe alikuwa na hofu hiyo ya mawe yajayo, akaanza kuyatafuta mbinguni kabla hayajafika. Mwenzake katika kazi hii alikuwa mkewe, Bibi Carolyn. Bibi huyu alikuwa amefundisha shule kwa muda mfupi na kazi ile haikumpendeza. Sisi walimu tusimkasirikie, kwani alipata nyingine. Watoto wao walipokwisha kukua, naye yu karibu na miaka 51, alianza kutazama picha za nyota zilizopigwa kwa darubini ya mlima Palomar, akagundua nyota zenye mkia 32. Moja waliigundua mwezi wa Machi 1993 pamoja na Bwana David Levy. Ilikuwa imevunjika vipande zaidi ya 20, vimefuatana kama shanga katika uzi, na hesabu ikaonyesha kwamba vitaanguka katika sayari ya Mshtarii, ambayo wengine huiita Jupita. Kuanzia tarehe 16 hata 22 Julai 1994 vikaanguka, kimoja baada ya kimoja, na darubini za dunia nzima zikaona madoa meusi, mengine makubwa kama dunia yetu. Mtu aliyesoma makovu ya kale kwa miaka 40 akaona kwa macho yake jeraha likifanyika. Tangu hapo serikali hazikuidharau tena kazi ya kuyahesabu mawe yapitayo karibu nasi. Tarehe 26 Septemba 2022 Wamarekani walikigongesha chombo chao kwa makusudi katika jiwe dogo liitwalo Dimorphos, lililo mbali nasi na lisilo na hatari, wakaubadili mzunguko wake kwa dakika zaidi ya 30. Walitaka kujua kama siku moja jiwe la hatari litawezekana kusukumwa kando.

Bwana na Bibi Shoemaker walikuwa na desturi ya kwenda Australia kila mwaka kutafuta mashimo ya kale katika nchi kame. Tarehe 18 Julai 1997 gari lao liligongana na gari jingine katika barabara ya vumbi huko bara, mbali na miji. Mume akafa pale pale, mke akaumia vibaya. Mwaka 1998 chombo kilipelekwa kuuzunguka Mwezi, na ndani yake mliwekwa sehemu ya majivu ya Bwana Shoemaker. Tarehe 31 Julai 1999 kazi ya chombo hicho ilipokwisha, kikaangushwa karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ndani ya shimo ambalo sasa laitwa kwa jina lake. Bibi Carolyn alipona, akaendelea kuchunguza anga kwa miaka kadhaa, akafariki tarehe 13 Agosti 2021, umri wake miaka 92.